Kutotenda Kulikopangwa: Wasahrawi na Hukumu ya Arusha

Wachambuzi wengi wa sheria ya kimataifa huliona suala la kutotenda kuwa ni pengo tu, yaani jambo lililopaswa kufanywa likaachwa. Hali ya Wasahrawi, wenyeji wa Sahara Magharibi ambao wengi wao wamekuwa wakimbizi kwa takriban nusu karne katika jangwa la Tindouf nchini Algeria, inaonyesha kwamba kutotenda huweza kuwa utaratibu kamili, wenye maazimio, bajeti na watumishi wake.

Tarehe 16 Oktoba 1975 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba uhusiano wa kihistoria uliodaiwa na Moroko na Mauritania haukuzipa nchi hizo umiliki wa eneo hilo, wala haukuwaondolea wakazi wake haki ya kujiamulia hatima yao. Majuma matatu baadaye Moroko ilivusha mpaka raia wapatao 350,000, majeshi nayo yakaingia, na Wasahrawi wakakimbilia mashariki, ambako kambi zao zilipewa majina ya miji waliyoiacha, kama El Aaiún, Smara na Dakhla, kiasi kwamba mtoto azaliwaye huko hutaja kuwa kwao mji ambao hajapata kuuona.

Mwaka 1991 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda MINURSO, ujumbe wa kusimamia kura ya maoni kuhusu hatima ya eneo hilo, iliyopangwa kufanyika Januari 1992. Kura hiyo haijapigwa. Mabishano kuhusu nani ahesabiwe Msahrawi yaliuchelewesha uandikishaji, na orodha ya watu wapatao 86,000 ilipokamilika mwaka 2000 ilikabiliwa na rufaa zaidi ya 130,000, kazi ikaachwa hapo. Hata hivyo Baraza limeendelea kuuongezea ujumbe huo muda, na kila nyongeza imekuwa faida kwa mkaliaji, ambaye huendelea kuchimba fosfeti ya Bou Craa na kuleta walowezi, huku mkimbizi akisubiri mgao wa chakula.

Afrika nayo haina udhuru. Umoja wa Afrika, ambao Jamhuri ya Wasahrawi ni mwanachama wake, uliipokea tena Moroko Januari 2017 bila kuitaka kwanza iondoke katika ardhi ya mwanachama mwenzake. Raia mmoja wa Ghana alizishtaki nchi nane, Tanzania ikiwamo, katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu jijini Arusha, akidai kwamba zilishindwa kuwalinda Wasahrawi katika uamuzi huo. Katika hukumu ya tarehe 22 Septemba 2022 Mahakama ilikiri kwamba ukaliaji huo unapingana na haki ya kujiamulia, na kwamba kila nchi ina wajibu wa kuwasaidia Wasahrawi, lakini haikuona kwamba nchi yoyote kati ya hizo nane imeukiuka wajibu huo. Wajibu usiokuwa na kipimo cha kuuvunja ni vigumu kuutofautisha na hisani, ilhali vipimo vilikuwapo: nchi ilitoa sharti gani wakati Moroko inarejea, inanunua nini kutoka eneo hilo, imefungua ubalozi mdogo huko? Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, mnamo Oktoba 2024, ilithibitisha kubatilishwa kwa maamuzi yaliyoidhinisha mikataba ya biashara na uvuvi kati ya Umoja huo na Moroko, kwa kipimo kimoja tu, ridhaa ya watu wa Sahara Magharibi.

Kipimo kama hicho kingeweza bado kuombwa Arusha, isipokuwa dhidi ya Tanzania, Benin na Côte d'Ivoire, ambazo, shauri hilo likiwa bado mahakamani, ziliondoa matamko yaliyowaruhusu watu binafsi kuzishtaki huko.