Carl Perkins na viatu vya buluu: wimbo wake, faida ya nani?

Tarehe 3 Aprili 1956 Elvis Presley alisimama kwenye sitaha ya manowari USS Hancock, San Diego, akaimba "Blue Suede Shoes" mbele ya kamera za kipindi cha Milton Berle. Mtunzi wa wimbo huo, Carl Perkins, alikuwa bado anauguza shingo yenye pingili tatu zilizovunjika. Alfajiri moja ya mwezi Machi, gari lililokuwa likimpeleka New York kutumbuiza katika kipindi cha Perry Como lilikuwa limegonga pikapu karibu na Dover, Delaware. Kaka yake, Jay, aliumia vibaya. Dereva wa pikapu, ambaye wasimulizi wengi humsahau, alifariki.

Tangu hapo habari za Perkins zimekuwa zikisimuliwa kwa namna moja: kijana wa Tennessee alikuwa mlangoni mwa ufalme, ajali ikamwangusha, Elvis akaingia. Simulizi hiyo ni tamu, ila hesabu zinaikataa. Santuri ya Perkins ndiyo iliyouzwa zaidi. Ilivuka nakala milioni moja na kushika nafasi za juu kwa wakati mmoja kwenye chati za Billboard za pop, za kantri na za muziki wa Wamarekani weusi, jambo lililokuwa geni wakati ule. Elvis kwa wimbo huohuo hakuikaribia nafasi ya Perkins. Na kwa Perry Como Perkins alifika, mwezi Mei mwaka uleule.

Basi kama si Elvis aliyemwangusha, ni nini?

Turudi kwenye pamba. Carl alizaliwa Aprili 1932 karibu na Tiptonville, pembe ya kaskazini-magharibi ya Tennessee, katika familia ya Wazungu maskini waliolima mashamba ya wengine kwa kugawana mavuno. Yeye na Jay walichuma pamba kutwa, na ujira wao wawili kwa pamoja ulikuwa senti 50. Gitaa lake la kwanza baba yake alilitengeneza kwa kasha la sigara na mpini wa ufagio. Mwalimu wake alikuwa mzee mweusi aliyefanya kazi kwenye mashamba yaleyale, John Westbrook. Kwa mzee huyo alijifunza bluzi, na kwenye redio, Jumamosi usiku, alisikiliza kantri kutoka Nashville. Alipovichanganya viwili hivyo akapata mdundo ambao baadaye uliitwa rokabili. 

Familia ilipohamia upande wa Jackson, Carl, Jay na mdogo wao Clayton walianza kupiga kwenye vilabu vya pombe. Walevi waliwatuza kwa sarafu na kwa bia, na ugomvi wa ngumi ulikuwa sehemu ya kazi. Carl alikuwa bado kijana mdogo. Chupa iliingia maishani mwake pamoja na gitaa, kabla ya umaarufu wowote na kabla ya ajali.

Mwaka 1954 alimsikia Elvis redioni akiimba "Blue Moon of Kentucky", akatambua kwamba kuna mtu Memphis anayerekodi muziki wa aina anayoipiga yeye. Mtu huyo alikuwa Sam Phillips, mwenye lebo ya Sun. Ndugu watatu walifunga safari, na Phillips akawapokea. Mwishoni mwa 1955 Phillips aliuza mkataba wa Elvis kwa kampuni ya RCA kwa dola 35,000, kisha akayaelekeza matumaini yake kwa Perkins.

Wazo la viatu lilitoka kwa Johnny Cash, msanii mwenzake wa Sun, aliyemsimulia habari za mwanajeshi mwenzake mweusi aliyekuwa akivijali mno viatu vyake. Muda si mrefu Perkins, akiwa jukwaani, alimwona kijana akimkaripia msichana wake kwa kumkanyagia viatu vya buluu vya swedi. Aliamka usiku wa manane, akakosa karatasi, akaandika maneno kwenye mfuko wa viazi. Walirekodi Desemba 1955, na santuri ikatoka siku ya Mwaka Mpya 1956.

Hapa ndipo penye kisa chenyewe. Phillips alikuwa ameahidi gari la Cadillac kwa msanii wake wa kwanza kufikisha mauzo ya nakala milioni. Perkins akapewa, akapigwa picha. Baadaye alisimulia kwamba bei ya gari hilo ilikatwa kwenye mrabaha wake mwenyewe. Mtoto wa mchuma pamba anaijua hesabu ya namna hii: mwenye shamba anakukopesha mbegu na unga, na mwisho wa msimu daftari lake linaonyesha bado unadaiwa. Kwa maoni yangu, daftari lilimwumiza Perkins kwa miaka mingi kuliko ile pikapu ya Dover.

Nyimbo zilizofuata zilikuwa nzuri, lakini hakuna iliyoufikia ule wa kwanza. Desemba 1956, alipokuwa studioni akirekodi "Matchbox" huku mgeni mmoja, Jerry Lee Lewis, akimpigia piano, Elvis alipita kusalimia, Cash naye akawepo. Waliimba nyimbo za kanisani na za kantri huku kanda ikizunguka. Haki itendeke: "Matchbox" yenyewe ilikuwa na babu yake. Blind Lemon Jefferson, mwimbaji mweusi kipofu kutoka Texas, alirekodi wimbo wa jina kama hilo mwaka 1927. Perkins alisema maneno machache aliyoanza nayo aliyapata kwa baba yake. Hata hivyo jina lililoandikwa ni la Perkins peke yake. Aliyedhulumiwa mrabaha naye alikaa juu ya migongo ya watu wasiolipwa kitu.

Mwaka 1958 alihamia lebo ya Columbia, na mwaka huohuo Jay akafa kwa uvimbe kwenye ubongo. Kifo hicho kilimvunja. Hakuwa amempoteza kaka tu, alipoteza pia mwenzake wa jukwaani tangu utoto. Pombe ikachukua nafasi. Kisha feni ikamkata vidole vya mkono wa kushoto akiwa kazini, na ilikaribia kumnyang'anya gitaa kabisa.

Wokovu ulitoka mahali asipopategemea. Mei 1964 alizuru Uingereza na Chuck Berry, akiamini amesahaulika, akakuta vijana wanazijua nyimbo zake neno kwa neno. George Harrison alikuwa amewahi kujiita Carl jukwaani kwa kumhusudu. The Beatles walimwalika studioni, akawaona wakirekodi "Matchbox". Mwaka huo walirekodi pia "Honey Don't" na "Everybody's Trying to Be My Baby". Nyimbo tatu za mtu mmoja, kwa kundi lililokuwa likiuza kuliko wote duniani, zilimpa kipato ambacho Sun haikuwahi kumpa.

Johnny Cash akamchukua kwenye ziara zake kwa karibu miaka 10. Wakati huo Cash alipigana na vidonge, Perkins na chupa. Mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya siku kadhaa za ulevi, Perkins alisimama ufukweni California akaitupa chupa yake ya wiski baharini. Alimtungia Cash "Daddy Sang Bass", uliokaa nambari 1 ya kantri kwa wiki sita. Mdogo wake, Clayton, hakuokoka: alijiua mwaka 1973. Haki za nyimbo zake za zamani Perkins alizipigania kisheria dhidi ya Phillips, zikamrudia katika miaka ya 1970.

Mwaka 1981 alisaidia kuanzisha kituo cha kuzuia ukatili dhidi ya watoto mjini Jackson, baada ya kusoma habari za mtoto aliyekufa kwa kuteswa, na kituo hicho kimebeba jina lake. Aliingizwa kwenye Jumba la Heshima la rokenroli mwaka 1987, akaugua saratani ya koo, na akafariki Januari 1998 akiwa na miaka 65.

Wewe msomaji usimpime kwa ajali. Itafute santuri ile ya 1956, kisha uigeuze upande wa pili usikilize "Honey Don't". Utunzi ni wake, sauti ni yake, na gitaa linalojibu kati ya mistari analipiga mwenyewe.