Mwanamke Mwangamizi na Umiliki wa Kisasi katika Filamu za Kifaransa, 1956–1968

Mwanamke mwangamizi, yule ambaye uzuri wake ni mtego wa mauti kwa wanaume, aghalabu huhakikiwa kama mhusika wa uovu usio na chanzo. Maelezo hayo hayatoshelezi tunapozitazama filamu za taharuki za Ufaransa. Humo uovu huo una historia, na mara nyingi historia yenyewe ni ya kisasi. Swali la msingi basi ni hili: kisasi ni cha nani?

Katika Voici le temps des assassins (1956) ya Julien Duvivier, Catherine anamwendea Chatelin, mwenye mkahawa jijini Paris, na kumwarifu kuwa mamake, aliyewahi kuwa mke wa Chatelin, amefariki. Uongo huo unamfungulia mlango wa ndoa. Kumbe mama yu hai, amejificha hotelini, naye ni mshirika wa njama. Kinyongo cha ndoa iliyovunjika kinatekelezwa kupitia mwili wa binti. Hatimaye Catherine anauawa na mbwa wa kijana aliyemuua. Anahukumiwa bila kusikilizwa.

Katika La mariée était en noir (1968), François Truffaut anaugeuza usawiri huo. Mumewe Julie anapigwa risasi mlangoni mwa kanisa siku ya harusi, naye Julie anawasaka wanaume watano waliohusika. Katika riwaya ya Cornell Woolrich (1940), chimbuko la filamu hii, mjane anawaua watu wasiokuwa na hatia hiyo; Truffaut aliiondoa kasoro hiyo, akakipa kisasi msingi. Isitoshe, Julie, aliyeigizwa na Jeanne Moreau, hana haja ya kutongoza. Kila mwanamume humwona jinsi anavyotamani kumwona. Mchoraji Fergus anamvisha taswira ya Diana, mungu wa uwindaji, na kumpa upinde. Kwa upinde huohuo anauawa. Silaha imetoka katika ndoto ya mhasiriwa mwenyewe.

Tofauti kuu imo katika hatima. Julie anajiachia kukamatwa, anakiri mauaji lakini anakataa kutaja sababu, kisha anamfikia wa tano gerezani. Sheria iliyokusudiwa kumkomesha inakuwa chombo chake. Kwa mintarafu hii, istilahi ya mwanamke mwangamizi yafaa kutumiwa kwa tahadhari: inataja maangamizi na kulificha jeraha lililoyatangulia.