Dawa tatu za Milan: saratani ya matiti ilivyoanza kushambuliwa kwa pamoja

Mwezi Juni 1973, kwenye Taasisi ya Taifa ya Saratani mjini Milan, Italia, baadhi ya wanawake walianza kupewa tiba ambayo madaktari wengi wa wakati ule waliiona haina maana. Walikuwa wamekwisha kukatwa titi. Vidonda vyao vilikuwa vinapona na hakuna uvimbe wowote uliobaki wa kuonekana wala kushikika. Hata hivyo daktari Gianni Bonadonna alitaka waanze dawa kali, tatu kwa mpigo, kwa muda wa mwaka mzima. Dawa za nini tena kwa mtu ambaye mpasuaji amemwambia ugonjwa umeondolewa?

Sababu ilikuwa makwapani mwao. Wote walikuwa na saratani iliyokwisha kufika kwenye tezi za kwapa, na uzoefu wa miaka mingi ulikuwa umeonyesha kwamba wengi wa wanawake wa aina hiyo, hata wakipasuliwa na bingwa wa mabingwa, hurudi baada ya miaka michache wakilalamika maumivu ya mgongo au kukosa pumzi. Saratani imekwisha kuingia kwenye mifupa, mapafu au ini. Mpasuaji hakukosea kitu. Mbegu za ugonjwa zilikuwa zimekwisha kusambaa mwilini kabla hajashika kisu.

Wazo hilo leo ni la kawaida, lakini lilichukua karibu miaka 80 kukubalika. Mwaka 1894 William Halsted wa Hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, alichapisha taarifa ya wanawake 50 aliowafanyia upasuaji wake maarufu: anaondoa titi lote, misuli ya kifua iliyo chini yake, na tezi zote za kwapani. Kati ya wote hao, ni watatu tu ambao uvimbe uliwarudia palepale kifuani. Kwa zama zile matokeo hayo yalikuwa makubwa sana, maana wanawake wengi walikuwa wakifika hospitali wakiwa na vidonda vilivyooza, na hakuna aliyekuwa na la kuwasaidia. Halsted alistahili heshima aliyopata. Tatizo ni kwamba waliomfuata waliendelea kuamini kwamba kama ugonjwa umerudi, basi hawakukata vya kutosha. Wakazidi kukata. Vizazi vya wanawake vikabaki na kifua kilichobonyea mpaka kwenye mbavu na mkono uliovimba maisha yote, na bado saratani ikawarudia mbali na pale walipokatwa.

Dokezo la njia nyingine lilikuwepo mapema. Mwaka 1896 daktari Mskoti George Beatson wa Glasgow alitangaza kwamba ameondoa ovari za wanawake wenye saratani ya matiti iliyokwisha kusambaa, na uvimbe ukanywea. Hakujua kwa nini, kwa sababu homoni ya estrojeni haikuwa imegunduliwa bado. Lakini alikuwa ameonyesha kwamba uvimbe wa titi unaweza kuguswa kutoka mbali, bila kisu kufika kifuani. Ilibidi dunia isubiri nusu karne ndipo zipatikane dawa zenye uwezo wa namna hiyo.

Dawa hizo zilizaliwa vitani. Mwaka 1942, katika Chuo Kikuu cha Yale, wanasayansi Louis Goodman na Alfred Gilman walikuwa wakichunguza sumu za jamii ya gesi ya haradali, silaha iliyojulikana tangu Vita Kuu ya Kwanza. Sumu hizo zilikuwa zikiua chembe nyeupe za damu. Wakamdunga moja kati yake mgonjwa mmoja wa saratani ya tezi, na uvimbe wake ukayeyuka kwa siku chache. Kisha ukarudi. Waliporudia dawa, ilifanya kazi kidogo; mara ya tatu haikufanya kitu. Habari hizo zilifichwa kama siri ya kijeshi mpaka 1946. Huo ndio mwanzo wa kemo, na kasoro yake kubwa ilijitokeza kwa mgonjwa huyohuyo wa kwanza: saratani huizoea dawa moja.

Hapa kuna mtu ambaye naona hatumtaji inavyostahili, hasa sisi wa Afrika Mashariki. Jane Wright alikuwa daktari Mmarekani mweusi, binti wa daktari Louis Wright aliyeanzisha kituo cha utafiti wa saratani katika Hospitali ya Harlem, New York. Baba alipofariki mwaka 1952, yeye akachukua uongozi wa kituo akiwa na umri wa miaka 33. Mwaka mmoja kabla, alikuwa ameonyesha kwamba methotreksati, dawa iliyotokana na utafiti wa saratani ya damu kwa watoto, inaweza kupunguza uvimbe wa saratani ya matiti. Wakati ule wengi walidhani dawa zinafaa kwa saratani za damu na tezi peke yake. Uvimbe mgumu wa titi uliachiwa kisu na mionzi. Wright hakutosheka na kukisia. Alichukua vipande vya uvimbe wa wagonjwa, akavikuza maabara, akavijaribia dawa moja baada ya nyingine ili kuona ipi inafaa kwa nani. Alishughulika pia na swali la dawa zipi zipangwe pamoja, na ipi itangulie. Mwaka 1961 alikuja Kenya kutibu wagonjwa wa saratani. Mwaka 1964 alikuwa mwanamke pekee kati ya watu saba walioanzisha chama cha madaktari wa saratani cha Marekani, ambacho leo ndicho kikubwa kuliko vyote duniani kwa taaluma hiyo. Methotreksati yake ndiyo mojawapo ya zile dawa tatu za Milan.

Wazo la kuchanganya dawa lilikuwa limekwisha kuonekana kwenye kifua kikuu. Streptomaisini ilipoanza kutumika peke yake, wagonjwa walipata nafuu, halafu vijidudu vikawa sugu. Mwaka 1950 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba ikitolewa pamoja na dawa ya pili, usugu unapungua sana. Hesabu yake si ngumu: kijidudu kinachoweza kukwepa dawa ya kwanza kinaweza kupatikana, lakini kinachokwepa mbili au tatu kwa wakati mmoja ni adimu. Miaka ya mwanzo ya 1960, Emil Frei na Emil Freireich wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani wakawapa watoto wenye saratani ya damu dawa nne kwa pamoja. Wenzao wengi waliwashutumu kwa ukatili. Watoto waliokuwa wanakufa ndani ya wiki chache wakaanza kuishi, na baadhi yao wakapona kabisa.

Na Kampala haikuwa mbali na mkondo huo. Mwaka 1967, pale Hospitali ya Mulago, ilifunguliwa taasisi ya saratani kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Makerere na Wamarekani, John Ziegler akiwa mkurugenzi wake wa kwanza. Kazi ya mwanzo ilikuwa kwa watoto wenye uvimbe wa taya ambao Denis Burkitt alikuwa ameueleza mwaka 1958. Walitibiwa kwa siklofosfamaidi, mjukuu wa ile sumu ya haradali, peke yake au pamoja na dawa nyingine, na matokeo yakaandikwa kwa makini. Tuzo ya Lasker ya mwaka 1972, iliyotolewa kwa waliothibitisha kwamba saratani inaweza kuponywa kwa dawa, iliwataja Burkitt na Ziegler pamoja na Frei na Freireich. Wamarekani walipoondoka wakati wa Idi Amin, daktari Mganda Charles Olweny aliendelea kuibeba taasisi hiyo. Kwa hiyo anayesema kemo ni kitu cha Wazungu kilicholetwa kwetu kikiwa kimekamilika hajasoma habari za Mulago.

Turudi Milan. Wamarekani walikuwa na mchanganyiko wa dawa tatu uliokwisha kuonyesha nguvu kwa wanawake ambao saratani imesambaa: siklofosfamaidi, methotreksati na fluorourasili. Kwa kifupi uliitwa CMF. Swali lililobaki ni kama ungeweza kuzuia ugonjwa usirudi, ukitolewa mapema, wakati saratani iliyobaki mwilini bado ni chembe zisizoonekana. Kwa jaribio hilo walihitaji wapasuaji wa kuwaruhusu wagonjwa wao, na Marekani wapasuaji walikuwa wagumu. Bernard Fisher wa Pittsburgh alikuwa ameanza jaribio la dawa moja tu. Milan palikuwa na Bonadonna, na palikuwa na mpasuaji Umberto Veronesi aliyekuwa tayari kufanya kazi na mtu wa dawa bega kwa bega. Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ikaingia mkataba nao.

Wanawake 386 waligawanywa kwa kura. Waliokuwa 179 walifanyiwa upasuaji na kufuatiliwa tu, kama ilivyokuwa desturi. Waliokuwa 207 walipewa CMF mizunguko 12. Mzunguko mmoja ulikuwa wa siku 28: vidonge vya siklofosfamaidi kila siku kwa siku 14, sindano za zile mbili nyingine siku ya kwanza na ya nane, kisha mapumziko ya wiki mbili ili uboho utengeneze chembe nyeupe upya. Halafu unaanza tena. Ukiwa na kichefuchefu, wakati ambao dawa za kuzuia kutapika zilikuwa dhaifu, nywele zikipukutika, mchovu, unarudi hospitali ukijua vizuri kinachokusubiri.

Matokeo ya kwanza yalichapishwa Februari 1976. Katika kundi lisilopewa dawa, ugonjwa ulikuwa umerudi kwa asilimia 24. Katika kundi la CMF, asilimia 5.3. Tofauti hiyo ilitikisa hospitali za dunia nzima. Baadhi walisema ni mapema mno, na walikuwa na haki ya kusema hivyo, maana pengo lilipungua kadiri miaka ilivyokwenda. Bonadonna na Pinuccia Valagussa, mwanamke aliyesimamia takwimu zote za utafiti huo, hawakuacha kuwafuatilia. Mwaka 1995, baada ya takriban miaka 20, walitoa hesabu tena: hatari ya ugonjwa kurudi ilikuwa imepungua kwa karibu theluthi, na hatari ya kufa kwa karibu robo. Jaribio lao la pili lilikuwa limeonyesha kwamba mizunguko sita inatosha kama 12. Miezi sita ya mateso iliondolewa kwa sababu tu mtu alikaa akalinganisha badala ya kudhani.

Takwimu hizo zina jambo jingine ambalo lingepaswa kubandikwa ukutani katika kila kliniki yetu. Wanawake waliopata angalau asilimia 85 ya dozi iliyopangwa ndio waliofaidika zaidi. Waliopunguziwa sana dawa, kwa huruma au kwa kukatisha, hawakuwa mbali na wale ambao hawakupewa kabisa. Watafiti wengine wamebisha kwamba kulinganisha kwa namna hiyo kuna mitego, na ni kweli, lakini somo la kutokata dozi bila sababu ya kitabibu limebaki. Huku kwetu dozi hukatizwa zaidi na nauli ya basi, zamu ya shamba na watoto walioachwa kwa jirani, na naamini fedha ya kumrudisha mgonjwa kwa mzunguko wa tatu na wa nne ina thamani sawa na fedha ya kununulia dawa yenyewe.

Baada ya hapo michanganyiko ikaongezeka. Kutoka kwenye udongo wa Puglia, kusini mwa Italia, ilipatikana bakteria wa rangi nyekundu iliyozaa doksorubisini, dawa ambayo mgonjwa huitambua kwa rangi yake kwenye dripu na kwenye mkojo wake siku hiyo. Tamoksifeni, iliyotengenezwa Uingereza mwaka 1962 na mkemia Dora Richardson wa kampuni ya ICI, ilikusudiwa kuwa ya uzazi wa mpango. Ikashindwa kazi hiyo, na ikageuka kuwa kidonge kilichokamilisha alichoanza Beatson, kwa kuziba vipokezi vya estrojeni. Fisher naye alithibitisha mwaka 1985 kwamba kuondoa uvimbe peke yake na kuongeza mionzi kunampa mwanamke uhai uleule sawa na kukatwa titi lote. Kisu kilipungua kwa sababu kimepata wenzake.

Mchanganyiko nao una hatari zake. Dennis Slamon wa Los Angeles alikuwa ameonyesha mwaka 1987 kwamba baadhi ya uvimbe wa titi una nakala nyingi kupita kiasi za jeni iitwayo HER2, na kwamba ndio ulio mkali. Ikatengenezwa kingamwili ya kuushika, trastuzumabu, inayouzwa kwa jina la Herceptin. Katika jaribio la wanawake 469 lililochapishwa mwaka 2001, kuiongeza kwenye kemo kulisogeza wastani wa kuishi kutoka miezi 20.3 hadi 25.1, kwa watu ambao saratani ilikuwa imekwisha kusambaa. Lakini waliopewa pamoja na dawa za jamii ya doksorubisini, zaidi ya robo walipata hitilafu ya moyo. Dawa mbili zinazofaa kila moja kwa nafasi yake zilikuwa zinaumiza zikikutana. Ndiyo maana leo hupangwa kwa kupokezana, na moyo hupimwa kwanza.

Trastuzumabu iliingia kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2015, na Desemba 2019 shirika hilo likaidhinisha kwa mara ya kwanza nakala yake ya bei nafuu. Hilo lilikuwa jambo kubwa kwa nchi kama zetu, ambako wanawake wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umekomaa. Lakini dawa hiyo haifai kitu kwa mwanamke ambaye uvimbe wake hauna HER2 iliyozidi, kama tamoksifeni isivyofaa pasipo vipokezi vya homoni. Kuchagua mchanganyiko kunaanzia maabara ya patholojia, na maabara inategemea kipande cha nyama kilichowekwa kwenye formalini mara tu kilipotoka mwilini, kikaandikwa jina na saa, kikasafirishwa bila kuharibika. Kikikaa kutwa nzima kwenye sahani ya chumba cha upasuaji, majibu yake hayaaminiki tena, na daktari anabaki kuchagua dawa kwa kubahatisha.