Kabla ya Ramani ya Simu Kulikuwa na Utingo

Kumwelekeza mgeni Ngamiani ni kazi nyepesi. Barabara zake zina namba, ya 1 hadi ya 21. Anayejua kuhesabu anafika. Ukimleta kwetu Mabawa, mambo yanabadilika. Hapa kwa miaka mingi njia imeelekezwa kwa msikiti, kwa duka la mangi, kwa fundi baiskeli, kisha lile neno letu: "Ukifika hapo, uliza."

Nasema hivyo kwa sababu historia ya safari za gari huwa inamkumbuka dereva na kumsahau aliyeulizwa njia. Chukua Paul Graetz, afisa wa jeshi la Kijerumani. Aliondoka Dar es Salaam kwa gari tarehe 10 Agosti 1907, akafika Swakopmund, Namibia ya leo, tarehe 1 Mei 1909. Anahesabiwa kuwa mtu wa kwanza kuvuka Afrika kwa gari. Sawa, alivuka. Lakini barabara za magari hazikuwepo. Palipokuwa na njia, ilikuwa imefunguliwa na miguu ya wapagazi. Na gari lilipokwama, lilitolewa na mikono ya wenyeji. Jina lililobaki ni la aliyeshika usukani.

Kwetu Tanga, reli ilitangulia. Ilianza kujengwa 1893, ikafika Moshi 1911. Barabara kuu nayo ikaja kupita kandokando ya mji ule ule ulioguswa na reli: Muheza, Korogwe, Mombo, Same. Abiria wa basi alijifunza nchi kwa mpangilio huo wa majina, na mwalimu wake alikuwa utingo. Yeye ndiye aliyejua wapi pana tope na daraja gani limekwenda na maji.

Tena kuna mambo ambayo ramani haiyasemi kabisa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, mpaka wa Kenya ulifungwa hadi 1983. Kwenye karatasi, mstari wa kwenda Mombasa kupitia Horohoro ulibaki pale pale. Kama unapitika au haupitiki, ilibidi umuulize mtu.

Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga hii hii, aliwahi kufanya kazi katika ofisi ya upimaji ardhi mjini hapa. Katika *Kusadikika*, iliyotoka 1951, wajumbe wanatumwa pande sita. Wanaporudi na habari za huko, malipo yao ni kifungo. Kila nikiisoma nawaza matingo wetu: hatujawafunga, ila na sisi habari zao hatukuzipokea.

Mwaka 2022 serikali iliendesha kazi ya anwani za makazi, nguzo za majina ya mitaa zikasimama na milango ikapata namba. Ni jambo jema. Gari la wagonjwa halihitaji hadithi, linahitaji nyumba. Lakini namba inakufikisha tu, haikwambii kwa nini kituo kinaitwa hivyo kinavyoitwa. Simu nayo, ikikosa jina, inaandika kwamba barabara haina jina. Sasa hebu simama hapo uwaambie wakazi kwamba mtaa wao hauna jina, usikie utakavyojibiwa.

Madereva na matingo wa zamani bado wapo, wengine wamekaa barazani mchana kutwa. Waulizwe majina ya vituo, yaandikwe. Kuuliza si ujinga.