Reli Iliyopita Majini

Homa Bay na Migori hazijawahi kuwa na hata mita moja ya reli. Naanza na hilo kwa sababu ndilo jibu nililopewa na mhariri wa mradi mmoja wa picha, aliyekuwa akikusanya picha za reli ya zamani kutoka Mombasa hadi ziwani pamoja na ukarabati wake wa sasa. Nilimtumia picha kumi na mbili. Akachukua nne za Kisumu, akanirudishia nane za Homa Bay, Kendu Bay na Karungu, na ujumbe wa mstari mmoja: picha safi, lakini huko hakuna reli.

Kwa ramani yuko sawa. Kwa historia bado tuna stori ndefu.

Angalia miaka kwanza. Meli iliyoitwa William Mackinnon iliundwa Scotland, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Mombasa, kisha wapagazi wakavibeba vipande vile kuelekea ziwani. Iliteremshwa majini mwaka 1900. Treni ilifika Port Florence, yaani Kisumu ya leo, Desemba 1901. Kumbe meli ilitangulia! Baada yake zikaja Winifred mwaka 1902, Sybil mwaka 1903, halafu Clement Hill, Usoga na Rusinga. Hizi zilikuwa meli za reli: mwenye treni ndiye aliyekuwa mwenye meli. Na ilibidi iwe hivyo. Reli yenyewe iliitwa ya Uganda, na Uganda ilikuwa ng'ambo ya maji. Bila meli, Waingereza wangekuwa wamejenga takriban kilomita 930 za chuma ili waende kutazama ziwa.

Sasa, meli ikishakuwa sehemu ya reli, kila gati inakuwa stesheni. Hapo ndipo watu wa kusini mwa ghuba wanapoingia. Kendu Bay na Homa Bay zilikuwa bandari ndogo za reli, mabibi na mabwana. Pamba ya South Nyanza ilifungwa marobota, ikapakiwa melini, ikateremshwa Kisumu, ikapakiwa treni hadi Kilindini. Ilipoundwa East African Railways and Harbours mwaka 1948, kwa kuunganisha reli ya Kenya na Uganda na ile ya Tanganyika, meli za ziwa zilikuwa ndani ya shirika hilohilo.

Nilipokuwa Homa Bay nikipiga picha gatini, huku kilima cha Asego kikiwa mgongoni kwangu, mzee mmoja aliyekuwa ameketi kivulini aliniita. Alitaka kujua kama nimetumwa na watu wa ardhi. (Ukishika kamera karibu na mali ya reli, hilo ndilo swali la kwanza. Watu wameshabomolewa vibanda mara nyingi nchi hii.) Nikamwambia, "Hapana mzee, napiga tu historia." Akacheka. Akasema yeye aliwahi kuwa kibarua hapo, akibeba marobota, na kwamba ujana wake wote hakuwahi kusema anaenda Kisumu kupanda treni. "Nyakwara, safari ya reli ilianzia hapa. Ukishakanyaga meli, uko kwa reli."

Hiyo sentensi imenisumbua kuliko jibu la mhariri. Huyu mtu mgongo wake ulikuwa sehemu ya mtambo wa reli, lakini ukifungua vitabu vya picha unavyovijua, utaona simba wa Tsavo, utaona daraja, utaona Bonde la Ufa, utaona Florence Preston, mke wa mhandisi, aliyepewa heshima ya kupigilia msumari wa mwisho pale ziwani. Halafu kitabu kinafungwa. Msumari wa mwisho! Kana kwamba mizigo yote iliota pale Kisumu yenyewe.

Karungu ndiyo inayonishika zaidi. Leo iko Kaunti ya Migori, upande wa Nyatike, na ukifika utaona mashua, omena iliyoanikwa, na boda wakisubiri abiria. Septemba 1914, vita vya dunia vikiwa na wiki chache tu, Wajerumani walivuka mpaka kutoka upande wao, wakaingia hapa na pia Kisii. Winifred ilipokaribia na askari, ilikuta Karungu imeshashikwa na ikakabiliana na Muansa, meli ndogo ya Wajerumani. Ikarudi nyuma. Siku chache baadaye ikaja tena ikifuatana na Kavirondo, na Muansa ikaondoka. Yaani vita vya kwanza vya dunia vilipofika Migori, vilipigwana kwa meli ya reli. Nilikaa ufukweni pale karibu saa mbili nikitafuta pa kuelekeza lenzi, na mwishowe nikapiga maji matupu. Ni mojawapo ya zile nane.

Kuhusu Kisumu sina mengi, kwa sababu picha zake kila mtu anazo. Reli ya zamani imekarabatiwa, na treni ya abiria kutoka Nairobi ikarejea Desemba 2021 baada ya miaka ya kimya. Bandari nayo imefufuliwa. Kitu kimoja tu nakuomba ukitazame ukifika: pale gatini reli haiishii ukutani, inaelekea majini. MV Uhuru, iliyoundwa miaka ya 1960, ina reli juu ya sitaha yake, hivyo mabehewa ya mizigo yanasukumwa moja kwa moja hadi ndani ya meli. Ilikuwa imelala miaka mingi. Mwishoni mwa 2019 ikarudi kazini, ikipeleka mafuta Port Bell, Uganda. Hiyo ndiyo picha inayothibitisha maneno ya mzee, na haihitaji lenzi ya bei.

Kusini hakukufufuliwa namna hiyo. Kushuka kwake hakukuwa na siku moja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977 na shirika la reli likagawanywa. Barabara zikaboreka, matatu zikachukua abiria. Miaka ya 1980 mlango wa maji kati ya Mbita na Kisiwa cha Rusinga ulizibwa kwa tuta la barabara; magari yakapita, vyombo vikalazimika kuzunguka kisiwa. Miaka ya 1990 gugumaji likafunika ghuba kiasi kwamba hata mashua ya mvuvi ilikwama, sembuse meli. Ziwa nalo lina tabia zake: lilifurika mwanzoni mwa miaka ya 1960, na likafurika tena 2020, likimeza fukwe na nyumba za watu.

Na SGR? Ilifungua Mombasa hadi Nairobi mwaka 2017, ikafika Suswa 2019. Mpango wa kuivuta hadi Kisumu unapita Narok, Bomet na Nyamira. Kwa mara nyingine Homa Bay na Migori zitaitazama kwa mbali. Sioni ubaya reli isipopita kila kijiji. Ubaya ni kama watakaochora hiyo mpya watasahau kwamba ya kwanza ilikuwa na gati, na kwamba mkulima wa Karachuonyo aliwahi kufika Kilindini na marobota yake bila barabara ya lami.

Zile picha nane nimezirudisha kwa mhariri, safari hii nimeandika chini ya kila moja jina la bandari na jina la meli. Bado hajajibu. Mzee wa Homa Bay yeye ameagiza moja, ile ya gati, ichapishwe kubwa kwa sababu macho yamechoka. Nitaipeleka mwisho wa mwezi, nikipata nauli.