SASA! Jina la Kiswahili Lililoingia Ndani ya Ndoa za Kampala

Mwishoni mwa miaka ya 80 Uganda ilikuwa inazika watu kila kukicha, na serikali haikuremba maneno. Wanaume waliambiwa wawe kama ng'ombe wa kufugwa ndani: kula majani ya zizini kwako, acha kuzurura kwenye mashamba ya watu. Baadaye ukaja wimbo ule unaojulikana na kila mtu aliyepita shule, subiri, kuwa mwaminifu, la sivyo tumia kondomu. Na maambukizi yalishuka kweli, hilo lisibezwe.

Ila ujumbe ule ulimchukulia kila mtu kana kwamba ana uwezo wa kuchagua. Chukua mke aliyetulia nyumbani. Mume karudi saa nane usiku, michepuko yake mtaa mzima unaijua, na mke akithubutu kutaja kondomu anakula kofi. Huyo asubiri nini sasa?

Watafiti nao walianza kuliona hilo. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti uliofanyika Dar es Salaam, kwenye kituo cha ushauri nasaha na kupima. Wanawake wenye VVU walio chini ya miaka 30 walikuwa na uwezekano wa karibu mara 10 zaidi wa kusema wamewahi kufanyiwa ukatili na mwenza, kuliko wenzao wa rika hilo wasio na virusi. Mara kumi! Kipigo na Ukimwi vilikuwa vinalala kitanda kimoja, wakati ofisini kila kimoja kina faili lake.

Mkoani Mwanza nako kulikuwa na mradi wa MEMA kwa Vijana, ulioanza 1999 kwenye jamii 20. Wanafunzi walifundishwa, na vijana walipopimwa tena 2007 na 2008 elimu ilikuwa imewakaa kichwani. Lakini maambukizi ya VVU hayakuonyesha tofauti. Kujua walijua, tatizo ni nani mwenye sauti pale mlango ukishafungwa.

Hapo ndipo inaingia SASA!. Ilitengenezwa Kampala na shirika la Raising Voices, na jina ni Kiswahili kabisa, ingawa herufi zake nne zinasimamia maneno ya Kiingereza: anza, elewa, saidianeni, chukueni hatua. Ujanja wake ulikuwa kwamba haikuanza na kipigo, wala virusi. Ilianza na swali kuhusu nguvu. Ni lini wewe ulijisikia huna nguvu mbele ya mtu? Mwanaume aliyewahi kudhalilishwa na bosi au askari hilo swali linamfika. Halafu polepole anaulizwa: na nyumbani kwako, wa kujisikia hivyo ni nani? Ukimwanzia jamaa na "wewe mkatili" anafunga masikio. Ukimwanzia na maumivu yake mwenyewe, anakaa kusikiliza.

Na waliofanya kazi hiyo hawakuwa wataalamu wa suti. Ni watu wa kitaa waliojitolea, wanawake kwa wanaume, wakipiga stori na majirani zao, wakicheza maigizo na kuonyesha picha. Walihusishwa pia polisi, wahudumu wa afya, na masenga, yaani mashangazi wa Kiganda wanaomfunda binti, kama somo au kungwi wa Pwani. Hii ilikuwa akili kubwa, kwa sababu senga akisema "vumilia mwanangu" hakuna bango linaloweza kumpinga.

Wakaipima kisomi kuanzia 2007 hadi 2012 kwenye jamii nane za Kampala: nne zikaanza, nne zikasubiri zamu. Kule ilikopita, ukatili wa kimwili wa mwenza ndani ya mwaka mmoja ulikuwa chini kwa asilimia 52. Wanaume wenye mwenza zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja walikuwa asilimia 27, wakati kwingine ni 45. Na wanaokubali kwamba mke anaweza kukataa tendo la ndoa waliongezeka, wanawake na wanaume pia. Jamii nane ni chache, kwa hiyo ile 52 isichukuliwe kama namba ya msahafu. Ukatili wa kingono nao ulionekana kupungua, ila kidogo, na hapo ushahidi ni dhaifu zaidi. Chumbani ndiko mabadiliko huchelewa kufika.

Rakai, kusini mwa Uganda, mradi mwingine uliunganisha huduma za VVU na mazungumzo ya namna hii. Matokeo yalitoka 2015: maambukizi mapya yalikuwa chini kwa karibu theluthi moja. Wanawake walisema ukatili umepungua. Wanaume walipoulizwa kama wao wenyewe wamepunguza, majibu yao hayakuonyesha tofauti ya maana. Hapo kila mtu ana tafsiri yake.

SASA! yenyewe ilishavuka mipaka, zaidi ya nchi 20, hadi Haiti ambako hata Kiswahili hawakijui. Na zile jamii nne za Kampala zilizosubiri zamu, utafiti ulipoisha nazo zikapewa.