Rangi ya Injini ni Ushahidi

Waswahili husema usione vyaelea, vimeundwa. Anayefungua boneti ya gari la kale la Marekani huona rangi ya injini kwanza, akadhani ni pambo tu. Rangi hiyo ina historia, na anayeifufua injini hana budi kuijua kabla ya kushika brashi.

Chanzo chake ni kutu. Bloku nyingi za zamani zilikuwa za chuma cha kusubu, na chuma hicho kisipofunikwa hushika kutu upesi. Baadaye rangi ikawa pia alama ya ukoo. Ndani ya General Motors, matawi kama Chevrolet, Pontiac, Oldsmobile na Buick yaliunda injini zao wenyewe. V8 ya Chevrolet iliyotoka 1955 kwa kawaida ilipakwa rangi ya chungwa. Pontiac ilijulikana kwa buluu yake. Fundi alitazama mara moja akajua injini imezaliwa wapi.

Mwaka 1977 mambo yalibadilika. Chevrolet nayo ikaacha rangi ya chungwa, ikaanza kupaka buluu ya kampuni nzima. Mwaka huohuo, mnunuzi mmoja wa Chicago aligundua kwamba vipuri vya Oldsmobile havilingani na injini ya Oldsmobile yake mpya. Ilikuwa injini ya Chevrolet. Zote mbili zilikuwa za inchi za ujazo 350, karibu lita 5.7, lakini yeye alilipia Oldsmobile, na hakuna aliyemwambia. Mwanasheria Mkuu wa Illinois akaishtaki kampuni, na kesi zikaongezeka. Suluhu iliyopendekezwa iliwapa wanunuzi dola 200 kila mmoja pamoja na bima ya matengenezo; mwaka 1979 mahakama ya rufaa ikatengua idhini ya suluhu hiyo. Baadaye matangazo ya kampuni yakaanza kueleza kwamba injini zake hutoka katika matawi mbalimbali.

Nilijifunza habari hii gereji, kwa mzee jirani yangu hapa Illinois aliyekuwa akiifungua injini ya gari la aina hiyo. Kazi yenyewe inataka subira. Tulisugua bloku kwa brashi ya waya, tukaondoa grisi yote, maana rangi haishiki penye mafuta. Tukafunika kwa utepe nyuso zote zinazokaa gasketi, kisha tukapuliza rangi inayohimili joto, tabaka jembamba baada ya jingine. Mabomba ya ekzosi tuliyaacha: hata rangi ya kiwandani iliyoyarukia iliungua mara injini ilipopata moto.

Swali lilikuwa rangi gani. Rafiki zake walimshauri apake dhahabu, kama injini za Oldsmobile za miaka ya nyuma, gari lipendeze kwenye maonyesho. Mimi nikasema chungwa, kwa kuwa injini ni ya Chevrolet.

"Hapana, kijana," akanijibu. "Ilikuja na buluu."

Tukaipaka buluu. Dhahabu ingeficha kosa lililotendwa. Chungwa lingedai kwamba mnunuzi alijulishwa tangu mwanzo. Buluu peke yake ndiyo inayoeleza jinsi gari lile lilivyouzwa. Sisi tunaosoma historia tumezoea kutafuta ushahidi maktabani. Mwingine uko chini ya boneti, na anaweza kuufuta mtu mwenye nia njema na kopo la rangi.